Ubuyu wa Pemba ya Maweni

Katika nyumba niliyolelewa, upande wa Micheweni, palikuwa na watu wawili wasioweza kukaa ukumbi mmoja ubuyu ukiwa baina yao. Wa kwanza ni dada yangu mkubwa, ambaye kila alipotumwa dukani alirudi na chenji pungufu na midomo myekundu. Wa pili ni bibi yetu, mzaa baba. Dada alipofungua kikaratasi chake, bibi aliuchukua mkeka wake akahamia uani, bila ya kugomba na bila ya kueleza. Sisi watoto tulidhani kuwa ni ukali wake tu anaouchukia, kwani wazee wengi hulalamika kuwa ubuyu huwatia ganzi meno. Siku moja, nilipofikia umri wa kuthubutu, nilimfuata huko uani nikamtilia punje mbili kiganjani. "Bibi, onja kidogo tu, huu umetiwa iliki." Alizitazama kwa muda, kisha akanirudishia.

"Mjukuu wangu," akasema, "mie ubuyu nimekula wa kunitosha."

Ilinichukua miaka mingi kuyafahamu maneno hayo, na makala haya ni jaribio la kuyafuata mpaka yanakotoka.

Kwa asiyeujua ubuyu (na siamini kuwa msomaji wa mwambao yumo katika hao, ila majarida nayo husafiri) hiki ni kitafunio cha mbegu za mbuyu zikiwa bado zimevikwa unga wake mweupe wa asili. Sukari hupikwa kwa maji kidogo mpaka iwe shira ya kunata, ikatiwa rangi, aghalabu nyekundu, na iliki. Wako wanaoongeza vanila, wako wanaoongeza pilipili manga, na wako wenye roho ngumu wanaotia pilipili yenyewe na chembe ya chumvi. Ubuyu hutiwa humo na kugeuzwa kwa mwiko upesi upesi kabla sukari haijaganda. Ukiutia mdomoni, sukari ndiyo inayokupokea. Ikishayeyuka unakutana na ukali wa unga, ukali mkavu unaoukunja uso na kuukausha ulimi, na baadaye kabisa hubaki mbegu ngumu isiyotafunika, nayo hutemwa. Mtu anaponunua peremende hununua utamu mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwenye kununua ubuyu hununua safari, na wako wasioipenda safari hiyo. Nimewaona wageni wakiutema kwa adabu ndani ya leso. Nimemwona pia mtu mzima, mwenye cheo chake, akijificha nyuma ya gazeti ndani ya boti ya kwenda Unguja ili amalize mfuko peke yake.

Lugha yetu imeupa mti huu ukoo mzima wa maneno. Mti ni mbuyu, tunda lake ni buyu, kilichomo ndani ya tunda ni ubuyu, na chombo cha kutilia maji ni kibuyu, hata kama asili yake ni mmung'unye usio na udugu wowote na mbuyu. Wenzetu wa Mombasa na Lamu kitafunio hiki wanakiita mabuyu. Mwenye kutoa rushwa husemwa kuwa amezunguka mbuyu, pengine kwa sababu shina lake ni pana kiasi cha kuwaficha watu wawili wenye jambo lao. Na katika miaka ya karibuni vijana wa bara wameligeuza neno ubuyu likawa na maana ya umbea: "nipe ubuyu" husema, wakitaka habari za watu. Sijui kama aliyeanzisha msemo huo alikuwa mshairi, lakini alistahili kuwa. Umbea nao huanza kwa utamu, ukaingia ukali, na mwisho lazima mtu ateme kitu.

Hata hivyo, wapenzi wa ushairi watakubaliana nami kwamba washairi wetu wenyewe hawakuutendea haki. Mpenzi katika mashairi ya mwambao ameitwa asali, ameitwa halua, ameitwa tende, embe na nanasi. Mimi bado sijakutana na mpenzi aliyeitwa ubuyu. Halua huwekwa mbele ya mgeni pamoja na kahawa, huenda harusini, hufungwa vizuri na kupelekwa Maskati kuwa zawadi. Ubuyu huuzwa mlangoni mwa skuli. Tofauti hii ya heshima ina historia yake, na kwa Pemba historia hiyo inaanzia kwenye udongo.

Mgeni anayetua Chake Chake huonyeshwa Pemba moja, ile ya vilima na mabonde, ya mikarafuu na migomba, ambako hata ukuta ukiachwa mwaka mmoja huota majani. Lakini iko Pemba ya pili, upande wa mashariki na ncha za kaskazini, na katika visiwa vidogo vinavyoizunguka, ambako mawe ya matumbawe yamejitokeza juu ya ardhi na udongo umebaki katika nyufa tu. Huko ndiko tunakokuita maweni. Mkarafuu haupendi huko. Mbuyu unapapenda. Mizizi yake hutafuta nyufa, shina lake huhifadhi maji ya masika, na majani yake hupukutika wakati wa kiangazi, mti ukabaki uchi kama uliokufa. Maua yake meupe hufunguka usiku, wakati wa popo. Na tunda lake lina sifa moja ambayo matunda mengine ya kisiwa hayana: halihitaji kuanikwa. Embe na shokishoki vikishaiva havingoji. Ubuyu hukauka wenyewe mtini ndani ya gamba lake gumu, na gamba lisipopasuka huweza kukaa miezi mingi bila ya kuharibika. Hiyo ni ghala iliyoning'inia, ambayo hakuna aliyeijenga.

Tena ni ghala yenye kitu ndani yake. Unga wa ubuyu una vitamini C nyingi kupita chungwa kwa uzito ule ule, na una chokaa ya kujengea mifupa. Ule ukali unaowagawa watu unatokana na asidi zake, ikiwemo ile ya malimau na ile ya ukwaju. Watu wa zamani hawakuwa na majina hayo, lakini walijua kuwa mgonjwa wa homa hupewa maji ya ubuyu, na mtoto mwenye kuharisha pia.

Pemba iliitwa ya kijani kabla ya karafuu. Yaqut, mwanajiografia aliyefariki mwaka 1229, alikitaja kisiwa kiitwacho al-Jazira al-Khadra, Kisiwa cha Kijani, chenye miji miwili, na wataalamu wamekitambua kuwa ni Pemba. Kabla yake al-Masudi, aliyesafiri bahari hii mwanzoni mwa karne ya 10, alikizungumzia kisiwa cha Qanbalu, chenye Waislamu waliosema lugha ya Zanji, na wako wanaokiweka kisiwa hicho Ras Mkumbuu. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu yalifukuliwa mapesa zaidi ya 2,000 ya fedha, pamoja na machache ya dhahabu. Hivyo ndivyo Pemba ilivyokuwa na miji na biashara miaka mingi kabla ya shamba la kwanza la mikarafuu.

Nililolipenda zaidi katika kazi za wachimbuzi si fedha wala dhahabu. Ni makapi. Mtaalamu Sarah Walshaw alizichambua mbegu zilizoungua katika majiko ya kale ya Tumbe na Chwaka, vijiji vya wilaya yetu hii ya Micheweni, akachapisha matokeo yake mwaka 2010. Watu wa Tumbe, baina ya karne ya 7 na ya 10, walikuwa wakila mawele zaidi. Watu wa Chwaka, mji uliofuatia kuanzia karne ya 11, walikuwa wamehamia kwenye mpunga. Umbali baina ya miji hiyo miwili ni mfupi, na udongo ni ule ule, kwa hiyo kilichobadilika ni watu na mawazo yao: wageni wa kukirimiwa, karamu, dini, na heshima ya sahani nyeupe ya wali. Tangu hapo mpunga umebaki kuwa chakula cha heshima, na Pemba ikawa mlimaji mashuhuri wa nafaka, ikiilisha Mombasa kwa karne kadhaa. Nakitaja kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba kisiwa hiki kimewahi kubadili chakula chake kwa ajili ya heshima, na kwamba chakula kilichoachwa hakikutoweka. Kilihamia kwa wasio na karamu.

Mbuyu hauandikwi katika habari hizo za wasafiri wa pwani yetu. Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 asiseme lolote juu yake, lakini alipokwenda Mali miaka ishirini baadaye alistaajabia miti minene kiasi kwamba ndani ya pango la mmoja wao alimkuta mfumaji akifuma nguo, na wengi wameuona mti huo kuwa ni mbuyu. Huku kwetu ushahidi wake ni mti wenyewe. Anayezuru magofu ya mwambao, kuanzia Gedi hadi Kunduchi na Kilwa Kisiwani, huikuta mibuyu imesimama baina ya misikiti iliyobomoka na makaburi ya nguzo. Pengine ni watu waliochagua kujenga karibu na mti wenye kivuli na tunda. Pengine ni watoto wa miji hiyo waliokula wakatema mbegu kando ya kuta. Mbegu ya mbuyu ina ganda gumu mno, na wanaoiotesha leo hulazimika kuikwaruza au kuichovya katika maji ya moto ili ikubali kuota.

Wala tusidhani kwamba mti huu ni wa nchi kavu tu. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2024 umeielekeza asili ya ukoo wa mibuyu Madagaska, na kutoka huko aina zake zikavuka maji, nyingine hadi Australia. Utafiti mwingine, wa mwaka 2015, ulilinganisha mibuyu ya India na ya Afrika ukaonyesha kuwa ile ya India ililetwa na watu, zaidi ya mara moja, katika misafara ya Bahari ya Hindi. Wahindi wameupa mbuyu jina lenye maana ya ukwaju wa Khorasani, yaani ukwaju wa kigeni. Waliuonja, wakautambua kwa ukali wake, wakauweka katika ukoo wa kitu walichokijua. Iko mibuyu hata Dhofar, kusini ya Oman. Ni nani aliyezibeba mbegu hizo? Vitabu vinataja sultani na nahodha. Mimi namfikiria baharia na mtumwa, watu ambao chakula kisichooza kilikuwa na maana kwao. Lakini hiyo ni dhana yangu, na naiacha hapo.

Turudi Pemba. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 kisiwa kilitoka mikononi mwa Mazrui wa Mombasa kikaingia chini ya Sayyid Said. Karafuu ilikuwa imekwishafika Unguja, na ikavuka hadi huku. Lakini kilichoipa Pemba cheo chake ni kimbunga cha Aprili 1872, kilichoilaza sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba karibu salama. Tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu ya Zanzibar imetoka huku. Mabonde ya mpunga yalizungukwa na mikarafuu, nguvu za watu zikaenda kwenye mikarafuu, na watu wenyewe wengi wao walikuwa watumwa waliopewa siku mbili kwa wiki, Alkhamisi na Ijumaa, wajilimie muhogo wao. Hukumu ya utumwa ilipoondolewa mwaka 1897 muhogo ulibaki pale pale. Wali sasa ulitoka kwa Wahindi, kwa meli, ukinunuliwa kwa fedha ya karafuu. Kisiwa kilichokuwa kikiwalisha wengine kikawa kinalishwa.

Na kwa meli hizo hizo ikaja sukari. Hapa ndipo historia ya ubuyu inapogeuka, ingawa wachache wanaifikiria. Ubuyu kama tunda la maweni ni wa kale mno, lakini ubuyu kama kitafunio cha sukari siamini kuwa ni wa kale. Unahitaji sukari nyeupe ya dukani iliyo rahisi kiasi cha kupewa watoto, unahitaji rangi ya kununua, na unahitaji mtoto mwenye senti mkononi. Mambo hayo matatu hayakukutana Pemba mpaka karafuu ilipoleta fedha mpaka vijijini, msimu wa kuchuma, ambapo hata watoto hulipwa kwa kile walichokiokota chini ya mti. Utamu ulikuwa na daraja zake. Juu kabisa ilikuwa halua, yenye samli, zafarani, lozi na kungumanga, inayohitaji sufuria kubwa na mikono ya zamu kuikoroga. Chini yake kashata. Chini kabisa, ukitaka kumfurahisha mtoto kwa sukari ya kijiko kimoja, ulilipaka tamu lile tunda ambalo halikununuliwa. Ubuyu mwekundu ni mti wa maweni uliovishwa nguo ya karafuu.

Nilipolifahamu hilo ndipo nilipoanza kumfahamu bibi.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Mzee Karume ilijiwekea lengo kwamba visiwa vijitegemee kwa chakula. Mtu hawezi kulilaumu lengo lenyewe. Pemba iliyoilisha Mombasa ingeweza, kwa muda na kwa mbinu, kujilisha tena. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970 uingizaji wa vyakula kutoka nje ulibanwa kabla ya mabonde hayajawa tayari, na mchele, unga na sukari vikawa vya mgao. Kisiwa ambacho kwa miaka mia moja kilikuwa kimebadilisha mpunga wake kwa mikarafuu kilijikuta na mikarafuu tele na sufuria tupu. Karafuu hailiwi. Wazee wa Pemba wa umri ule wanazitaja siku hizo kwa sauti ya chini hadi leo. Mzee Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, na chini ya Aboud Jumbe, aliyemfuatia, chakula kilianza tena kuingia taratibu.

Haya niliyasoma kitabuni. Yaliyotokea jikoni kwetu niliambiwa na baba, siku nyingi baadaye, bibi akiwa amekwishazeeka sana. Kwamba muhogo ulipokwisha walikwenda kuchimba viazi vya porini, vile vinavyohitaji kulowekwa siku kadhaa ili sumu itoke. Kwamba bibi, aliyekuwa na watoto watano wakati huo, aliongoza wanawake wenzake kwenda maweni kuangua mabuyu. Aliuchambua unga kwenye mbegu, akaukoroga kwa maji, na siku alipobahatika kupata konzi ya unga wa muhogo akaupikia uji. Hapakuwa na sukari. Hapakuwa na iliki. Watoto waliulia ule ukali, na yeye alikuwa akiwashika videvu na kuwanywesha. Mbegu hawakuzitema, zilikaangwa, zikatwangwa, zikaliwa. Baba alisema kuwa hata leo, akipita mtu na ubuyu barabarani, mate humjaa mdomoni, na hajui kama ni mate ya hamu au ya kichefuchefu.

Kumbe basi dada na bibi hawakuwa wakigombana juu ya ladha moja. Dada alizaliwa wakati sukari ilikuwa imerudi. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 biashara ilifunguliwa, maduka yakajaa, na ubuyu ukapata rangi kali zaidi na vifuko vya kumetameta. Yeye aliuonja kutoka nje kwenda ndani: kwanza sukari, kisha ukali kama mzaha. Bibi hakuweza kuionja sukari hiyo. Ulimi wake uliipita moja kwa moja ukafika kwenye uji.

Nimekuwa nikiuliza watu suala hili kila nipatapo nafasi, Wete, Konde, hata Unguja, na jambo moja hunijia tena na tena. Wanaoupenda ubuyu huanza kukusimulia skuli: ukuta fulani, mama fulani na beseni lake, shilingi iliyokusudiwa daftari. Wasioupenda, wakiwa ni wazee wa maweni, hubadili mazungumzo. Wako pia wanaouogopa mti wenyewe, kwa kuwa mbuyu una sifa ya kukaliwa na wasiokuwa watu, na shina lenye pango halikosi vipande vya nguo na harufu ya ubani. Mzee mmoja aliniambia kwa uzito kabisa kuwa wenye mti hawapendi matunda yao yatiwe rangi. Sikubishana naye.

Huku sisi tukisitasita, dunia imeugundua. Mwezi wa Juni 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu uuzwe katika nchi zake, na mwaka uliofuata Marekani nayo ikaukubali. Idhini ya Ulaya ilitolewa chini ya sheria ya vyakula vipya, yaani vile ambavyo havikuwa vikiliwa kwa kiasi cha maana na watu wa huko kabla ya Mei 1997. Nimeuona unga huo katika chupa nzuri London, bei yake ikitosha kumnunulia mtoto wa Micheweni ubuyu wa mwaka mzima. Chakula kipya! Natamani ningempelekea bibi chupa ile nimwambie kuwa ni kipya.

Na hapa nyumbani mambo nayo yamepinduka. "Ubuyu wa Zanzibar" umekuwa jina la kibiashara Dar es Salaam, na msafiri anayerudi kutoka visiwani bila ya vifuko kadhaa huulizwa alikwenda kufanya nini. Lakini magunia mengi ya ubuyu huo hutoka bara, katika mikoa mikavu ya katikati kama Dodoma, yakavuka bahari yakiwa meupe na kurudi yakiwa mekundu. Kilichokuwa chetu ni mkono na iliki. Sioni aibu ndani yake, kwani halua nayo iliwahi kuwa na sukari ya kwao na zafarani ya kwao. Ila mibuyu ya maweni imebaki na matunda yake juu, na nguvu za vijana zimekwenda kwenye mwani, bahari na boti za kuondoka. Tena mbuyu mmoja ukianguka hauzibiwi pengo kwa umri wa mtu. Watafiti waliopima mibuyu mikongwe ya kusini mwa Afrika walitoa taarifa mwaka 2018 kwamba mingi ya ile iliyo mikubwa na ya umri mkubwa kabisa imekufa au kuporomoka shina tangu mwaka 2005, na wakalishuku joto na ukame. Mibuyu yetu sijasikia ikipimwa. Wanaoihesabu ni wale wanaotafuta kuni na wale wanaochoma chokaa, nao huyahesabu mawe yaliyo chini yake.

Dada yangu sasa yuko Maskati. Kila anapopata mtu wa kuja, agizo ni lile lile, vifuko kumi, vyenye pilipili, visiwe vya rangi ya manjano. Anasema wanawe, waliozaliwa huko, wamegawika katikati: mmoja huula mpaka augue tumbo, mwengine haukaribii, na hakuna aliyemfundisha.

Mara ya mwisho nilipotoka na bibi ilikuwa kwenda kwenye mbuyu wa karibu na kisima cha kale, ule ambao watu wa kwetu waliuangua zama zile. Alikuwa akitembea kwa mkongojo na mkono wangu. Nilidhani anataka kupumzika kivulini, lakini alilizunguka shina polepole akilipapasa mpaka akapata alichokitafuta: kigingi cha mti kilichopigiliwa shinani ili kiwe ngazi. Juu yake kingine, na juu yake kingine, vikipanda upande wa jua. Vya chini vilikuwa vimemezwa na gome, vimebaki mavimbe tu, kama mafundo ya kamba ndani ya ngozi. Akaliweka dole gumba lake juu ya uvimbe wa kwanza. "Hiki kakipiga babu yako." Akanyanyua mkongojo akaugusa wa pili. "Hiki kakipiga baba yako, alikuwa hajafika hata umri wako wewe." Cha tatu hakukifikia. Alikitazama tu, akaniuliza kama nimekuja na maji.